Misonobari yangu inakua kwa kasi kwenye shamba la zamani: je, nivune mapema?

Msomaji ameuliza: "Nina hekta 8 zilizolimwa nafaka kwa zaidi ya miaka 30, kwa mbolea ya viwandani na chokaa. Miaka 7 iliyopita nilipanda misonobari kwenye hekta 6, nafasi ya mita 3 kwa 3. Sasa miti ina wastani wa mita 9 kwenda juu na kipenyo cha sentimita 14. Jirani yangu alipanda mbegu ileile mwaka uleule, mahali palipokuwa na msitu, na yake ndiyo kwanza imefika mita 7. Mnunuzi mmoja ameniambia kwamba kwa kasi hii nitauza magogo ya mbao mwaka wa 12. Lakini matawi ya miti yangu ni manene sana, na ukanda mmoja karibu na lango umedumaa kabisa. Je, nivune mapema? Na ule ukanda una nini? Hekta 2 zilizobaki nataka kuzipanda msimu ujao."

Ndugu msomaji, nianze na lile la mnunuzi: usivune mwaka wa 12. Kasi unayoiona ni ya kweli, macho yako hayakudanganyi. Tatizo ni kwamba kasi ya miaka 7 ya mwanzo kwenye ardhi iliyokuwa shamba haisemi mengi kuhusu mita za ujazo utakazopata mwishoni, na inasema machache zaidi kuhusu ubora wa mbao zenyewe. Mnunuzi amepima kwa jicho unene wa shina, akafikia hesabu inayomfaa yeye.

Tuone kwanza kasi hiyo imetoka wapi. Shamba lililolimwa miaka 30 kwa mbolea lina akiba ambayo msitu wa jirani hauna. Fosforasi ndiyo inayodumu kuliko zote. Hushikwa na chembe za udongo, haichukuliwi na maji kirahisi, na mazao ya nafaka huondoka na sehemu tu ya ile iliyowekwa. Kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, watafiti wamekuta udongo wa misitu iliyoota juu ya mashamba ya zama za Warumi, yaliyoachwa karibu miaka 2,000 iliyopita, bado una fosforasi nyingi kuliko udongo wa msitu ulio pembeni yake. Basi miaka 7 kwa fosforasi ni kama jana. Nitrojeni yako nayo iliongezeka, japo hiyo haina subira kama fosforasi, nitaieleza hapa chini. Juu ya hayo, udongo wako wa juu ulikuwa umelainishwa, hapakuwa na visiki wala vichaka vya kugombania mwanga na maji, na nadhani ulipalilia vizuri miaka miwili ya kwanza, maana bila palizi nyasi za shamba la zamani huua miche au kuirudisha nyuma miaka kadhaa.

Sasa fikiria grafu mbili za urefu wa miti, yako na ya jirani, kwa miaka 25 ijayo. Zinaweza kuchukua maumbo matatu. Katika umbo la kwanza miti yako inatangulia mapema, kisha pengo linabaki vilevile mpaka mwisho: umepata faida ya mwaka mmoja au miwili, basi. Hivyo ndivyo inavyokuwa pale faida inapotokana na palizi na kulima. Katika umbo la pili pengo linazidi kupanuka, kwa sababu ardhi yenyewe imebadilika daraja. Hilo hutokea hasa pale udongo wa asili ulipokuwa na upungufu mkubwa wa fosforasi, na kilimo kikauondoa. Katika umbo la tatu pengo linaziba: miti ilikuwa inakula akiba ya nitrojeni, akiba ikapungua, kasi ikashuka, na wale waliokuwa nyuma wakafika.

Kwa historia uliyonieleza, natarajia shamba lako liwe na mchanganyiko: faida ya fosforasi ibaki, ya nitrojeni ififie. Naweza kukuonyesha mahali ambapo jambo hili limefuatiliwa kwa uvumilivu mkubwa. Huko Calhoun, jimbo la South Carolina nchini Marekani, mashamba ya pamba yaliyochoka yalipandwa misonobari ya aina ya Pinus taeda mwaka 1957. Tangu mwaka 1962 watafiti wamekuwa wakirudi kuchota udongo katika viwanja vilevile, na sampuli za zamani zikahifadhiwa ili zilinganishwe na mpya. Katika miongo ile minne ya kwanza, nitrojeni katika sentimita 60 za juu za udongo ilishuka. Haikupotea: ilihamia kwenye miti na kwenye tabaka la sindano, yaani majani membamba ya msonobari, zilizoanguka chini, ambazo huoza polepole mno. Kalsiamu iliyokuwa imewekwa kwa chokaa ilipungua sana na udongo ukazidi kuwa na asidi. Ila fosforasi ambayo mizizi inaweza kuichukua haikuonyesha kupungua kwa namna hiyo, kwa sababu ile iliyokuwa imeshikwa na udongo ilikuwa ikiachiliwa kidogo kidogo. Kazi hii naipenda sana, maana inaonyesha kwa vipimo kitu ambacho wapanda miti wengi hukihisi tu: miti inarithi kazi ya mkulima, na urithi huo una sehemu inayoisha na sehemu inayobaki.

Kwako nitrojeni itaanza kubana pale vichwa vya miti vitakapogusana na kufunga kivuli. Wakati huo miti huwa imejenga karibu sindano zote inazoweza kubeba, na ndipo inapodai virutubisho kwa wingi kuliko wakati wowote. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 na miti ya mita 9, naamini umefika hapo au uko mlangoni. Kwa hiyo miaka mitatu au minne ijayo ndiyo itakayokuambia ukweli, na ndiyo maana nakuomba uanze kupima mwaka huu.

Kupima hakuhitaji vifaa vya gharama. Chukua kamba ya mita 11.28, mmoja asimame katikati, mwingine azunguke: duara hilo lina mita 400 za mraba. Weka maduara sita hivi yaliyotawanyika, usichague sehemu nzuri peke yake, na utie alama ya kudumu katikati ya kila moja ili urudi palepale kila mwaka, mwezi uleule. Pima kipenyo cha kila mti kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, na urefu wa miti michache minene zaidi katika kila duara. Wataalamu hutumia urefu wa miti mikubwa kama kipimo cha ubora wa ardhi kwa sababu urefu huo hauathiriwi sana na idadi ya miti uliyoiacha, wakati kipenyo huathiriwa mno. Nyuzilandi hulinganisha ardhi kwa urefu wa miti mikubwa ikiwa na umri wa miaka 20, kusini mwa Marekani mara nyingi 25, nchi za Skandinavia huenda hata 100. Ukijaribu kukisia urefu wa mwaka wa 25 kwa kutumia urefu wa mwaka wa 7 kwenye shamba la zamani, utakosea, na karibu siku zote utakosea kwa kuzidisha.

Tufanye hesabu kwa takwimu zako. Mti wa sentimita 14 una mkato wa mita za mraba 0.0154. Kwa nafasi yako ulipanda miti 1,111 kwa hekta. Tuseme imebaki 1,000. Hapo una mita za mraba 15.4 za mikato ya mashina kwa hekta. Zidisha kwa urefu wa mita 9, kisha kwa 0.45, maana shina huchongoka kuelekea juu: unapata takriban mita za ujazo 62 kwa hekta. Ukigawa kwa miaka 7, wastani wako ni karibu mita za ujazo 9 kwa mwaka. Sasa tuseme mwakani unapima na kukuta 80. Wastani wa miaka 8 utakuwa 10, lakini ukuaji wa mwaka huo mmoja utakuwa 18. Maadamu ukuaji wa mwaka unazidi wastani, kila mwaka unaosubiri unapandisha wastani wenyewe. Siku ukuaji wa mwaka utakaposhuka hadi ukutane na wastani, hapo ndipo shamba limefika kilele cha uzalishaji wa ujazo, na hapo ndipo mazungumzo ya kuvuna yanaanza kuwa na maana. Kukata mwaka wa 12 kunaweza kuwa kukata katikati ya miaka yako bora kabisa.

Na hiyo ni hesabu ya ujazo tu. Mbao ni jambo jingine, na hapa ndipo nina wasiwasi mkubwa zaidi na shamba lako.

Msonobari ukiwa mchanga hujenga mbao laini kuzunguka kiini. Nyuzi zake ni fupi, uzito wake kwa ujazo ni mdogo, na ubao wake hupinda na kujisokota unapokauka. Takriban pete 10 za mwanzo kutoka kiini, yaani zile duara za ukuaji wa kila mwaka, ziko hivyo, na zinaendelea kuwa hivyo hata kwenye ncha ya mti mzee. Mti wa miaka 12 ni mbao ya ujana karibu shina lote, hata ukiwa mnene kiasi gani. Tena unene wa haraka unaongeza tatizo: pete 10 za kwanza zikiwa pana, kile kiini dhaifu kinakuwa kikubwa. Nyuzilandi wamelijifunza hili kwa gharama. Misonobari ya aina ya radiata iliyopandwa kwenye malisho yenye rutuba ilinenepa kuliko ile ya kwenye ardhi ya msitu, lakini ikaja na matawi manene, mashina yaliyopinda au kugawanyika, na mbao isiyo na ukakamavu. Katika jaribio la Tikitere, karibu na Rotorua, lililoanzishwa mwaka 1973 juu ya malisho, waliacha miti 50, 100, 200 hadi 400 kwa hekta ili kulinganisha. Kadiri miti ilivyokuwa michache ndivyo kila mmoja ulivyonenepa na matawi yake yakawa mazito zaidi.

Matawi yako manene yanatokana na mambo hayohayo mawili: rutuba na mwanga mwingi. Nafasi ya mita 3 kwa 3 inafaa ardhi ya kawaida, ila kwenye udongo uliolishwa miaka 30 ingefaa kubana zaidi mwanzoni ili miti ijipunguzie matawi yenyewe. Hilo limepita. Unachoweza kufanya sasa ni kupogoa, na usichelewe. Chagua miti 350 hadi 400 kwa hekta, iliyonyooka na yenye afya, ile utakayoitunza mpaka mwisho, na upogoe hiyo tu. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya sehemu yenye sindano mbichi kwa mara moja, kwa msumeno na si kwa panga, ukikata karibu na shina bila kujeruhi uvimbe ulio pale tawi linapoanzia. Tawi likishafika unene wa sentimita 5 au 6, jeraha lake huchelewa kufunga na fundo linabaki ndani. Nimewahi kuona shamba zuri la umri kama wa lako likiachwa bila kupogolewa kwa sababu "miti inakua vizuri", na siku ya kupasua magogo kila ubao ulikuwa na mafundo ya ukubwa wa ngumi. Nilisikitika, kwa sababu kazi ya wiki mbili ingetosha kuzuia hayo.

Upunguzaji wa miti usiwe na pupa. Ukifungua shamba sana mapema, mwanga unaingia chini, matawi yanaendelea kunenepa, na miti ya shamba la zamani yenye vichwa vizito na mizizi mifupi huanguka kwa upepo. Ningesubiri vichwa vifunge vizuri, kisha niondoe miti iliyopinda na iliyogawanyika kwanza, kama theluthi moja ya idadi, nikiangalia vipimo vya maduara kuamua mwaka.

Kuna hatari moja katika upunguzaji ambayo ardhi ya kilimo huiongeza, na wengi hawaifahamu mpaka miti ianze kufa kwa mafungu. Kuvu anayeitwa Heterobasidion annosum hurusha mbegu zake hewani, zinatua juu ya kisiki kibichi, zinaota, zinashuka kwenye mizizi, na pale mizizi ya kisiki inapogusana na ya mti hai, kuvu anavuka. Msitu wa Thetford mashariki mwa Uingereza, uliopandwa kuanzia mwaka 1922, una sehemu kubwa kwenye ardhi ya mchanga yenye chokaa iliyowahi kulimwa. Upunguzaji ulipoanza, vifo vikafuata. Mtafiti John Rishbeth ndiye aliyeonyesha huko kwamba visiki vibichi ndivyo mlango wa ugonjwa, na baadaye akaonyesha kwamba kuvu mwingine asiye na madhara, Phlebiopsis gigantea, akipakwa juu ya kisiki huwahi kukimiliki na kumfungia nje yule mbaya. Udongo wa mchanga, wenye chokaa nyingi na usio na mboji nyingi ndio hatari zaidi, kwa kuwa kuvu shindani wa msituni ni wachache humo. Ugonjwa huu haupo kila sehemu ya dunia, kwa hiyo uliza idara ya misitu ya nchini kwako kabla hujanunua dawa. Kama upo, paka kila kisiki mchanganyiko wa yurea, au dawa yenye boroni, au yule kuvu rafiki, papo hapo mti unapoanguka. Kisiki kilichoachwa mpaka kesho kinaweza kuwa kimeshaambukizwa. Upande wa pili, una nafuu ambayo jirani yako hana: kuvu wa Armillaria, anayeishi kwenye visiki na mizizi ya miti ya zamani, kwa kawaida hana makao kwenye shamba lililolimwa miaka 30.

Sasa ukanda wa langoni. Naomba uchukue jembe na uchimbe shimo la sentimita 60 katikati ya miti iliyodumaa, na jingine pale miti inapostawi. Nina dhana kwamba hapo ndipo matrekta yalikuwa yakigeuka na magari ya mavuno yakisubiri. Plau hulainisha udongo wa juu na kuukandamiza ulio chini yake, na kwenye sehemu za kugeuzia mgandamizo huwa mara nyingi zaidi. Utaona tabaka gumu kwenye kina cha sentimita 25 hadi 40, na mizizi iliyofika hapo ikageuka kulala. Fimbo nyembamba ya chuma itakusaidia kulitafuta udongo ukiwa na unyevu: itashuka vizuri, kisha ikwame ghafla. Mti wenye mizizi ya sentimita 30 unaishi kwa mvua ya juzi. Kwa miti iliyokwisha fika miaka 7 huwezi kulipasua tabaka hilo bila kukata mizizi, hivyo usipoteze fedha kuwekea ukanda huo mbolea. Uhesabu kama sehemu dhaifu, na miti yake iwe ya kwanza kuondolewa wakati wa kupunguza.

Ila kabla hujahukumu, tazama ncha. Kama ncha za juu zimekauka au kujikunja na miti imekuwa na vichwa vingi kama kichaka, shaka yangu inahamia kwenye upungufu wa boroni, kirutubisho ambacho mti hukihitaji kwa kiasi kidogo sana. Chokaa nyingi huifungia boroni kwenye udongo, na ukame unaongeza shida. Huenda chokaa ilikuwa ikishushwa na kurundikwa hapo langoni. Kipimo cha sindano maabara kitajibu, na kiasi kidogo sana cha boroni kinatosha kutibu, lakini fuata kipimo kwa makini, maana kikizidi ni sumu.

Hekta 2 ulizobakiza ni nafasi yako ya kufanya vizuri zaidi. Pitisha ripa, lile jino refu la chuma linalovutwa na trekta, kina cha sentimita 50 au zaidi, wakati udongo umekauka ili upasuke. Ukiwa na maji, jino hukata mfereji tu na kuta zake zinaziba. Fuata kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko, kama shamba limeinama, na uache miezi michache udongo ushuke kabla ya kupanda, la sivyo mizizi itaning'inia kwenye mapengo ya hewa. Kama sehemu hiyo imekuwa nyasi kwa miaka kadhaa, chimbua vipande vichache uone kama kuna mabuu meupe ya mende, kwa kuwa hutafuna mizizi ya miche na unaweza kudhani ni ukame. Safisha duara la mita 1 hadi 1.5 kuzunguka kila mche kwa miaka miwili. Panda kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, yaani miche 1,600 kwa hekta.

Miche yenyewe iangalie mizizi kabla hujailipia. Msonobari hautegemei mizizi peke yake. Hushirikiana na kuvu wa mikoriza, wanaoishi kwenye mizizi na kuisaidia kupata maji na virutubisho, na shamba lililolimwa miaka 30 bila mti hata mmoja linaweza kuwa halina kuvu hao wa kutosha. Huko Puerto Rico misonobari ilishindwa kustawi mara kwa mara mpaka walipoletewa kuvu wake katika miaka ya 1950. Kwako hali si mbaya hivyo, kwa sababu hekta zako 6 na msitu wa jirani vinatoa uyoga unaorusha mbegu. Hata hivyo ng'oa miche mitatu au minne kitaluni: vimizizi vyembamba viwe vimegawanyika kwa ncha fupi butu kama uma, na vyenye utando mweupe au wa kahawia. Vikiwa vitupu na virefu kama nyuzi, tafuta kitalu kingine, au mwombe mwenye kitalu achanganye udongo wa chini ya misonobari yako yenye afya, ule wa sentimita 10 za juu, kwenye viriba vyake miezi kadhaa kabla ya msimu.